Herufi ya Wino wa Bluu

Kwa miaka kumi na moja uongo wangu ulipigwa chapa na Etiye Zenebech Kerga, na hakuna hata siku moja aliyoupiga bila kunisuta.

"'Meskel ijayo nitakuja, Mama,'" alikuwa akisema, vidole vyake vikiyapiga maneno hayo kabla sijayatamka. "Si ndivyo, Zergaw? Au mwaka huu umepata mapya?"

"Si uongo, Etiye. Duka limenibana."

"Duka! Duka lako lina mlango mmoja na kufuli moja. Lifunge uende."

"Nikilifunga, wenzangu wa soko la Merkato watanichukulia wateja wote."

"Na mama yako akifungwa, je?" Akamaanisha kaburini. Hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

Tulimwita Etiye, dada mkubwa, hata sisi tuliomzidi umri kidogo. Alikaa upenuni mwa jengo la mahakama, hapa Addis Ababa, pamoja na waandishi wengine saba au wanane, kila mmoja na meza yake ya mbao, mwavuli wake, na mashine yake ya chapa. Wale wengine waliandika mashtaka na maombi kwa Kiamhara. Zenebech naye aliandika hayo hayo, maana ndiyo yaliyomlisha, lakini sisi Wagurage wa wilaya ya Ezha tulimwendea kwa jambo jingine. Yeye peke yake, katika msururu wote ule, ndiye aliyekuwa tayari kumwandikia mama yako kwa lugha ya mama yako.

Si jambo dogo. Barua ya Kiamhara ikifika kijijini, shemasi anaisoma, mama anasikiliza, halafu anauliza, "Sasa mwanangu amesema nini?" Shemasi analazimika kuanza upya, anatafsiri kwa maneno yake mwenyewe, na kufikia mwisho barua imekuwa ya shemasi.

Zenebech alizaliwa ng'ambo ya pili ya kijito kinachopita chini ya kijiji chetu. Aliletwa mjini akiwa binti wa miaka kumi, kulea watoto wa mjomba wake, na mke wa mjomba alimfanya punda wa nyumba. Alijiokoa kwa vidole. Jioni alikuwa akienda shule moja ya kupiga chapa, akijifunzia kwenye mashine iliyofunikwa kitambaa ili asione herufi, na baada ya miaka miwili akaajiriwa katika ofisi ya serikali. Humo alikaa miaka kumi na sita. Serikali ilipobadilika, ofisi yake ikaunganishwa na nyingine, wapiga chapa wakaambiwa asanteni. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa ameshafariki, na Mungu hakuwajalia mtoto. Alitoka pale na mashine kuukuu waliyokuwa wanaitupa, akaitengenezesha, akaenda kukaa upenuni. Hakuwahi kulalamika mbele yangu juu ya lolote kati ya hayo. Alilalamika juu ya kahawa ya baridi na watu wanaotafuna wakati wanaeleza.

Mashine zile zilikuwa na ujanja wake. Herufi zetu ni nyingi mno, mamia, na hakuna mashine yenye vitufe mamia. Kwa hiyo unaiunda herufi vipande vipande: unapiga mwili wake, unarudi nyuma hatua moja, unauongezea mguu au mkia. Zenebech alifanya hivyo kwa kasi ambayo ukisikia kwa mbali unadhani ni mvua inaanza. Lakini waliotengeneza mashine waliwafikiria Waamhara tu. Sisi tunazo sauti ambazo wao hawana haja nazo, kama ile ya midomo kukusanyika, unavyoanza kusema "mwezi". Herufi yake ipo. Mwalimu mmoja wa kwetu alimfundisha Zenebech kuiandika, naye alifundishwa na mwingine, na huyo mwingine sijui na nani. Ila katika mashine haikuwemo, na kwa vipande vya mashine haikuundika.

Basi Zenebech alikuwa akifika kwenye sauti hiyo anaruka, anaacha nafasi tupu. Akimaliza ukurasa anauchomoa, anauweka juu ya meza, anachukua kalamu, na anazijaza nafasi zile moja moja kwa mkono. Ukurasa mmoja haukosi kumi. Alitumia wino wa bluu, sikuzote bluu. Niliwahi kumuuliza kwa nini asitumie mweusi ili ufanane na chapa.

"Nikitumia mweusi nitakuwa namdanganya mtu," alisema. "Atadhani mashine inajua kitu isichokijua."

Ndivyo alivyokuwa. Hata mashine hakutaka isifiwe kwa kazi isiyo yake.

Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa nampaka mama yangu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mgurage asiyekwenda kwao Meskel, sikukuu ya Msalaba, ni mtu wa kuulizwa maswali. Nchi nzima ya kwetu hujaa watu siku zile, na Merkato hubaki tupu hadi unaona sakafu yake. Mwaka wa kwanza sikwenda kwa sababu biashara ya ndoo za plastiki ilikuwa imenitupa chini, na kwetu mtu harudi mikono mitupu akachungulie ng'ombe anayechinjwa na jirani. Mwaka wa pili niliona aibu ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu biashara ilikuwa imesimama, lakini aibu ilikuwa imezoea kukaa kwangu. Nikawa natuma siagi, natuma kitambaa, na mara mbili kwa mwaka natuma barua. Nilikuwa nikisimama mbele ya meza ya Zenebech, nasema maneno yangu haraka haraka, naondoka. Mara nyingine hata sikungoja wino ukauke.

Miaka ikaenda. Miaka ya tisini ya kalenda yetu, iliyo nyuma ya ile ya ng'ambo kwa miaka saba hivi, ilikuwa inakaribia ukingoni nilipoona mkono wa Zenebech umeanza kutetemeka. Kwenye vitufe haukuonekana. Kwenye kalamu ulionekana. Alikuwa akiishika kalamu kwa mkono wa kulia na kuushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, na bado herufi ilitoka imeparamia ukingo wa nafasi yake.

"Umri huo, Etiye," nilimtania.

"Umri gani? Ni barua zako. Uongo mzito kuubeba."

Alicheka, mimi nikacheka, lakini niliona alivyoutazama ule mkono. Hakuwa na mwanafunzi. Vijana waliokuwa wanaingia kazini walikuja na kompyuta, wakakodi vibanda vyenye umeme, na huko hakuna nafasi ya kuruka wala kalamu. Ukienda na Kigurage chako wanaipachika herufi yoyote inayokaribiana, na shemasi akisoma, mama anasikia mtoto wake anaongea kama mgeni.

Hapo ndipo alipotokea Mudesir. Alikuwa kijana wa kwetu, mtoto wa muuza viatu wa mtaa wa pili, amesoma mambo ya kompyuta chuo kikuu, na alikuwa katika kamati ndogo ya walimu na wasomi waliojitolea. Alivuta kigoda akakaa mbele ya Zenebech kama mteja.

"Etiye, nimeambiwa wewe ndiye unayeiandika hii." Akamwonyesha herufi yetu kwenye karatasi.

"Naijaza. Kuiandika ni kazi ya Mungu. Kunywa kahawa."

Mudesir alieleza polepole, nami nilikuwepo nikaelewa. Kila herufi ya dunia inapewa namba yake. Wapo watu ng'ambo ambao kazi yao ni hiyo, kupanga namba. Herufi ikiwa na namba, kompyuta zote zinaijua, za hapa na za Uchina. Ikikosa namba, haijulikani popote. Kamati yao ilikuwa imetengeneza orodha ya herufi za Kigurage zilizoachwa nje, na karibu zote zilikuwa na ushahidi mzuri. Hii ya kwetu ilikuwa na chati moja tu iliyochorwa na mwalimu.

"Mwenyekiti wetu ni mkali," Mudesir alisema. "Anasema chati ya mwalimu haitoshi. Anataka karatasi za watu wa kawaida, wanaoitumia kwa shughuli zao. Orodha inaondoka juma moja baada ya Meskel. Tusipopata, anaifuta herufi hii ili isiharibu nyingine."

"Na orodha ya pili itakwenda lini?"

"Sijui, Etiye. Labda wajukuu wetu."

Zenebech akautazama mkono wake tena. Nilijua anawaza nini, maana nami niliwaza hivyo hivyo. Mkono ule ukikoma, herufi imekoma.

Mudesir alimpeleka siku hiyo hiyo kwenye kibanda cha kompyuta aone kitu kinachozungumzwa. Nilifuatana nao, dukani nilimwacha jirani. Zenebech alikaa mbele ya kioo, akapiga mwili wa herufi, halafu kwa mazoea ya miaka thelathini akapiga kitufe cha kurudi nyuma ili aongeze mkia. Herufi ikatoweka. Akapiga tena, akarudi nyuma, ikatoweka tena.

"Inakula!" alipiga kelele. "Mudesir, mashine yako ina njaa!"

Kibanda kizima kilicheka. Lakini alipotoka alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Ushahidi ninao. Miaka kumi na mitano ya ushahidi. Kila barua niliyopiga nimeweka nakala."

Alikuwa mtu wa ofisi, na mtu wa ofisi haandiki kitu bila kuweka karatasi ya kaboni katikati. Tulikwenda kwake, chumba kimoja nyuma ya kanisa, akavuta masanduku matatu kutoka uvunguni. Mafaili yalikuwa yamefungwa kwa majina. Langu lilikuwa nene kuliko yote. Akalifungua, akatoa nakala ya kwanza, akaigeuza mbele na nyuma.

Nakala ilikuwa na matundu. Chapa ilikuwa imepita kwenye kaboni, lakini kalamu haikupita. Alikuwa akijaza herufi baada ya kuuchomoa ukurasa, kwenye barua halisi peke yake. Tukafungua nyingine, na nyingine. Miaka kumi na mitano, na kila mahali palipotakiwa herufi ile pana nafasi nyeupe.

"Nilijua," alisema, ameketi sakafuni. "Nilijua kila siku, nisijue kwamba najua."

Nikasema mimi, mjinga wa watu, "Barua zenyewe si ziko kijijini?"

Zenebech akageuka akanitazama, na nikatamani kuyameza maneno yangu.

"Ziko," alisema. "Na mwenye nyingi kuliko wote ni mama yako. Ishirini na tatu. Funga duka, Zergaw. Meskel ijayo imefika."

Basi nikaenda kwetu baada ya miaka kumi na moja, nikiwa nyuma ya mwanamke aliyebeba begi la nakala zenye matundu. Alizibeba ili ajue nani alipelekewa nini. Tulifika siku za akina mama, siku za jibini na mboga ya majani, kabla ya ng'ombe kuchinjwa. Majani ya jefore, ile njia pana ya kijiji, yalikuwa mabichi na mafupi kama kawaida, na kila nyumba ilikuwa imepakwa upya. Niliona haya hata kuyakanyaga. Zenebech alitaka tuanze na nyumba za wengine. Nadhani alinihurumia.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama yake Bezabih, jirani yangu wa Merkato.

"Barua za Bezabih?" alisema bibi yule. "Karatasi nzuri zile! Nilifungia iliki."

"Zote, mama?"

"Iliki ilikuwa nyingi, mwanangu."

Nyumba ya pili waliziweka juu ya dari, na moshi wa jiko la katikati ya nyumba ulikuwa umezifanya nyeusi kama chungu. Hakuna kilichosomeka. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mjane mmoja, Askale, na hapo tulipata. Alitoa mkebe wa chai chini ya kitanda, na ndani mlikuwa na barua saba, safi kabisa. Zenebech alishusha pumzi. Akaeleza anachotaka, kwa upole, akaahidi kuzirudisha.

Askale akaukumbatia mkebe.

"Barua ni za kusomwa hapa hapa. Haziondoki."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu ya mkono wa mwanangu." Akafungua moja, akaweka kidole juu ya herufi ya bluu. "Hizi nyeusi ni za mashine ya mjini, hizo hazinihusu. Hii ya bluu ni yake. Anashika kalamu mwenyewe ananigusa hapa, na hapa, na hapa. Mimi sijui kusoma, lakini hii naijua. Kila jioni naibusu."

Binti yake, mtu mzima mwenye watoto, akaitikia kwa kichwa. Kijiji kizima kilijua hivyo. Shemasi mwenyewe alikuwa anajua hivyo, na akisoma alikuwa akizungusha karatasi ili akina mama waione bluu.

Zenebech aliaga, akatoka, akaenda kukaa kwenye majani ya jefore. Alianza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki.

"Niliweka bluu nisimdanganye mtu," alisema. "Kumbe nimeidanganya wilaya nzima."

"Waambie ukweli, Etiye. Watakupa."

"Nimwambie nini yule? Kwamba anachobusu kila jioni si mwanawe, ni mimi, niliyekuwa nawaza chakula cha mchana? Hapana. Nikisema, nimewanyang'anya watoto wao. Nikinyamaza, herufi inabaki nje."

"Sasa?"

Akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

"Ibaki nje," alisema.

Nilimjua miaka kumi na moja na sikuwahi kumsikia akishindwa. Iliniuma. Iliniuma zaidi kwa sababu nilijua barua zilizobaki ziko wapi.

Mama yangu, Yeshareg, alikuwa mlangoni. Amekuwa mfupi. Hakulia wala hakupiga kigelegele. Alinitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Umenenepa," akaingia ndani, nasi tukamfuata. Alitukalisha, akatupa mkate wa ensete, mmea wetu unaofanana na mgomba, na jibini na mboga iliyokatwa mpaka ikawa laini, akatumiminia siagi kwa mkono wake. Alizungumza na Zenebech tu, kama vile mimi ni mzigo alioletewa.

"Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndimi, mama."

"Unapiga vizuri, shemasi anasema. Lakini ngoja nikuonyeshe kitu." Akainuka, akaenda kwenye mtungi uliozibwa kwa kitambaa ili moshi usiingie, akatoa bunda lililofungwa kwa uzi wa ensete. "Huyu hakuja. Miaka kumi na moja hakuja. Majirani wakaniambia, Yeshareg, mwanao kakusahau. Nikawatolea hizi. Nikawaambia hakuja, lakini tazameni, hakukosa kuniwekea mkono wake."

Akazifungua mapajani. Bluu ilikuwa imefifia, mahali pengine imefutika kabisa, kwa midomo yake.

Zenebech alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amekwisha amua kunyamaza, na angenyamaza, na tungekula tukaondoka. Wazee wetu husema mficha uchi hazai. Mimi sijui kama ni huo msemo au ni zile sehemu zilizofutika zilizonifungua mdomo.

"Mama," nilisema, "hiyo bluu si yangu."

Zenebech akanipiga teke la kifundo. Teke la kweli.

"Si yako ni ya nani?"

"Ni ya Etiye. Mashine haina herufi hiyo, anaijaza yeye kwa mkono. Mimi nilikuwa nasema maneno tu, naondoka."

"Hii?" Akaweka kidole.

"Si yangu."

"Na hii? Hata moja?"

"Hata moja, Mama."

Nilisikia ng'ombe upande wa pili wa nyumba anacheua. Mama yangu alikaa na mikono juu ya karatasi, na uso wake ukaniogopesha, maana haukuwa na hasira. Kisha akamgeukia Zenebech.

"Lete mkono wako."

Zenebech aliunyosha, unatetemeka. Kwetu mdogo ndiye anayebusu mkono wa mkubwa, na mama alimzidi Zenebech miaka ishirini. Aliushika kwa mikono yake miwili akaubusu.

"Miaka yote hii nimekubusu wewe," alisema, "na sikukupikia hata siku moja. Kula."

Zenebech alilia wazi, mdomo umejaa mboga. Ilibidi nimweleze mama mimi habari ya herufi, namba na kamati. Sijui alielewa nini. Alilisukuma bunda kwetu.

"Zichukueni. Sasa ni karatasi tu."

Neno lile lilinipata pabaya kuliko kama angenichapa fimbo. Kisha mama akaziona karatasi zilizochungulia begini.

"Na hizo?"

"Nakala zake, mama," Zenebech alisema. "Zina matundu. Bluu haikufika."

Mama aliichukua moja, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akayafuata matundu kwa kidole, moja, moja, hadi chini. Halafu akamwambia Zenebech, "Mpe kalamu."

Habari ya bluu ilizunguka kabla jioni haijaingia. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa na wanaume wenye matumbo, wenye maduka Merkato, wamekaa vigodani mbele ya mama zao wanajaza matundu na kunilaani kwa jina. Bezabih hakuongea nami hadi Krismasi. Askale ndiye wa mwisho kukubali, na mwanawe alipomaliza kujaza, alimfanya arudie mbili zilizotoka vibaya. Zenebech alirudi mjini na barua halisi zaidi ya arobaini.

Orodha iliondoka na herufi ikiwemo. Ilichukua miaka, na kama ni karatasi zetu au ni maneno ya wasomi yaliyowaridhisha watu wa ng'ambo, Mudesir mwenyewe hajui. Ila namba ilitoka, na siku moja akamwita Zenebech aione kwenye kioo, nyeusi, imesimama sawasawa na wenzake. Aliitazama kitambo.

"Haya, kijana," alisema. "Nimestaafu."

Na akastaafu kweli. Aliuza meza, mwavuli akampa mwenzake. Miaka mitatu iliyopita tulimrudisha Ezha, ng'ambo ya kile kijito. Tangazo la msiba lilichapwa kwa kompyuta, kwa lugha yetu, halina tundu hata moja, na hakuna aliyelazimika kushika kalamu. Nililisoma ukutani nikashindwa kujizuia. Pale kaburini nilikuwa nimevumilia.

Lakini ninapomkumbuka, simkumbuki upenuni wala kwenye kioo. Namkumbuka alasiri ile kwa mama, amekaa kando ya jiko anafuta mikono siagi, na mimi kwenye kigoda, kalamu mkononi, nakala ishirini na tatu mapajani.

"Jaza," mama alisema. "Na usome, nisikie."

Nilianza. Mkono wangu wa kuandikia risiti ulitoa herufi iliyopinda kama mguu wa kuku. Mama akaichungulia, akanionyesha tundu linalofuata. Nikasoma habari za ndoo, za mvua ya mjini, salamu kwa fulani na fulani. Nilipofika chini, kwenye mstari wa mwisho, nikajaza tundu lake kimyakimya na kuchukua karatasi ya pili. Ya pili nikaisoma, chini nikafanya hivyo hivyo. Ya tatu pia.

"Umeruka mstari," Zenebech alisema.

"Sikuruka."

"Nimeupiga mimi, Zergaw. Mara ishirini na tatu. Soma mstari wa mwisho."

Nikaitazama karatasi. Maneno yalikuwa pale, meusi, na bluu yangu mbichi katikati yake. Nikafungua mdomo. "Meskel ijayo," nikasema, nikaishia hapo.

"Soma," Zenebech alisema.

"Mwache," mama akasema. "Amekuja."